Muhuri wa Kupokelewa

"Andika kwa heshima, mwanangu. Usiandike kama mtu mwenye hasira."

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba, baridi ile ya Arusha ambayo hata printa inagoma kuamka. Mama wa watu alikuwa ameshuka basi la Babati, sweta la kijani juu ya kitenge, viatu vimejaa vumbi jekundu. Steshenari yangu ni chumba kimoja: kompyuta mbili, mashine ya kopi iliyozeeka kuliko ndoa yangu, na benchi la wateja. Aliketi kwenye benchi, akafungua bahasha ya kaki, akatoa hukumu tatu. Mahakama ya wilaya. Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufani. Zilikuwa zimekunjwa na kukunjuliwa hadi maandishi ya kwenye mikunjo yamefutika, na kuna mtu alikuwa ameyarudishia kwa kalamu ya bluu, neno kwa neno.

Kesi ni ya mdogo wake wa mwisho. Unyang'anyi wa kutumia silaha, miaka 30. Rufaa ya kwanza ilianguka, ya pili nayo ikaanguka.

"Sasa nataka barua ya kwenda Mahakama ya Afrika. Nimeambiwa ipo hapa hapa Arusha."

Ipo.

Nikachapa. Anwani kulia, "Kwa Msajili" kushoto, kisha YAH kwa herufi kubwa, nikaipigia mstari. Yeye anasema, mimi nanyoosha Kiswahili. Alipofika kwenye kipande cha mdogo wake kutokuwa na wakili, alirudia mara mbili ili nisikiruke. Tukamaliza, nikatoa nakala mbili, nikabana pini. Elfu tatu na mia tano, pamoja na kopi za hukumu. Akalipa kwa noti zilizofungwa kwenye kona ya kitenge, akauliza kifodi cha kupanda, nikamwelekeza hadi kituo cha kushukia.

Sikumwambia kwamba mlango ule ulishafungwa kwa watu kama yeye.

Nilichokuwa nakijua

Nilijua vizuri tu. Mawakili wachanga wa mji huu wanaprinti kwangu, na ukichapa nyaraka za watu kwa miaka kumi unajikuta umesoma sheria kwa mlango wa uani.

Itifaki, yaani makubaliano ya nchi yaliyoanzisha ile Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ina kifungu kimoja kidogo, ibara ya 34(6). Kinasema raia wa kawaida hawezi kuishtaki nchi yake moja kwa moja pale mpaka nchi yenyewe iwe imeweka tamko la kuruhusu. Tanzania iliweka tamko lake mwaka 2010. Novemba 2019 ikaliondoa, kwa maelezo kwamba lilikuwa linatumika kinyume na masharti iliyokuwa imeyaweka. Ikapita mwaka mmoja wa notisi, na kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 kesi mpya ya Mtanzania dhidi ya Tanzania haina pa kuingilia. Zilizokuwa zimeshafunguliwa ziliendelea.

Siku chache baada ya tamko kuondolewa, Novemba 28, 2019, mahakama ikatoa hukumu dhidi ya Tanzania kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji, ile ambayo jaji hana hiari ya kutoa nyingine, inavunja haki ya kuishi. Nakumbuka nilivyoitoa ile hukumu kwa ajili ya wakili mmoja, kurasa nyingi hadi wino ukaanza kufifia. Aliipokea akaipima uzito mkononi kama mtu ananunua nyama.

Na kabla ya hapo, wafungwa wetu walikuwa wanashinda. Sehemu kubwa ya kesi zilizotoka Tanzania zilikuwa za watu walioandika kutoka gerezani, wengi wao wa vifungo virefu vya unyang'anyi. Mwaka 2015 mfungwa mmoja wa miaka 30, kosa lile lile la mdogo wa huyu mama, alishinda: mahakama ilisema hakupewa msaada wa wakili na sehemu ya kesi yake ilisikilizwa bila yeye kuwepo. Haikuamuru aachiwe. Ila ilisema alionewa, na iliyasema hayo kwenye karatasi yenye nembo.

Nadhani hizo ndizo habari zilizomfikia mama kule Babati. Zilichelewa njiani miaka kadhaa, kama habari njema zinavyochelewa.

Kwa nini nilinyamaza

Nimejiuliza swali hili wiki baada ya wiki, nikiwa nafunga duka, nikiwa kwenye foleni ya maji, hata kanisani.

Jibu la kwanza nililojipa: foleni ilikuwa ndefu. Kweli ilikuwa ndefu, kulikuwa na wanafunzi wanataka kuskani vyeti. Lakini kumwambia mtu "mama, hii haitapokelewa kama kesi" ni sekunde nne.

Jibu la pili: sikutaka kuwa mimi wa kumfungia. Hili linanipendeza zaidi, kwa hiyo silipi uzito sana.

Jibu la tatu lilikuja usiku, na sikulipenda. Sikumwambia kwa sababu nilimwonea gere kidogo. Mtu amepanda basi alfajiri, ameshindwa mara tatu mbele ya majaji wa nchi yake, na bado anasema andika kwa heshima. Mimi siku hizi naandikia ofisi za watu barua nzuri kabisa huku moyoni nasema hazitasomwa. Nilitaka kukaa karibu na imani ya namna ile hata kwa dakika ishirini.

Na nikamtoza.

Mwalimu na maji ya moto

Nina rafiki mmoja, mwalimu mstaafu, huja kila asubuhi kusoma gazeti langu bila kulinunua. Ananywa maji ya moto na limau, anasema daktari kamkataza chai. Nikamsimulia.

"Ndiyo matatizo ya wananchi wetu," akasema. "Hawana imani na vyombo vyao, wanakimbilia vya nje. Mahakama ambayo hujui jina la jaji wake hata mmoja, utaiaminije?"

Swali si la kipuuzi. Majaji wako kumi na mmoja, wanachaguliwa na wakuu wa nchi wa Umoja wa Afrika, na hakuna mtu kwenye benchi langu la wateja aliyewahi kuulizwa. Naelewa pia kwa nini jaji wa Mahakama ya Rufani, ambayo kwa Katiba yetu ndiyo mwisho wa reli, akunje uso akisikia kuna majaji wengine, hapa Arusha barabara ya Dodoma, wanapitia tena kazi yake.

Ila kuna kitu Mwalimu alikosea. Mama yule hakukimbilia nje. Alianza ndani, akapanda ngazi zote moja moja, na ya Afrika ilikuwa ngazi ya nne. Watu tunaosema hatuna imani na vyombo ndio sisi tunaoishia kijiweni. Anayejaza fomu, anayelipa nauli, anayetafuta muhuri wa mtendaji wa kata, huyo anaamini kupita kiasi.

Halafu jaji mmoja angalau nilimjua. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2025 rais wa mahakama ile alikuwa Mtanzania, Jaji Imani Aboud. Imani, ndiyo jina lake. Nikamwambia Mwalimu: mahakama iko kwetu, ardhi ni yetu, rais wake amewahi kuwa wetu, na raia wetu ndiye hawezi kufungua kesi mpya pale. Mwalimu akanyamaza, akakamua limau.

Mchungaji aliyeshinda mara tatu

Kuna hadithi ambayo wenzangu wa rika langu tuliisikia vipande vipande redioni. Nimeiunganisha mwezi huu tu.

Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Dodoma mwaka 1993 kutaka, pamoja na mambo mengine, mtu aruhusiwe kugombea bila chama. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa ushindi. Serikali haikungoja hata wino ukauke. Muswada ulikwishaandaliwa, na Desemba ya mwaka ule ule Bunge likapitisha Marekebisho ya 11 ya Katiba: mgombea lazima atokane na chama. Alichoshinda mahakamani kikaondolewa kwenye Katiba yenyewe.

Akarudi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ikatengua, ikasema hili ni suala la siasa, liende bungeni. Mtikila akapanda ngazi ya nne, pamoja na mashirika ya wanasheria na haki za binadamu, na Juni 2013 mahakama ya Arusha ikasema Tanzania inakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Jaji Ramadhani wakati huo alikuwa miongoni mwa majaji wa mahakama hiyo, akakaa pembeni kesi ya nchi yake ilipokuwa inasikilizwa. Mwaka uliofuata akawa rais wake. Hii nchi ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye ramani.

Mchungaji alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Mpaka leo anayetaka urais au ubunge lazima apitie chama.

Nilizoea kuisimulia hadithi hii kama hadithi ya mtu mbishi. Sikuwahi kumpenda sana, kusema kweli. Maneno yake mengine yalikuwa makali mno. Nikiisoma sasa naona ndani yake utaratibu wa kazi. Mtu anabisha hodi miaka nenda rudi na hakuna anayehangaika naye. Siku akifunguliwa, ndipo fundi anaitwa kubadili kitasa.

Vitasa vingine

Nikaanza kuangalia kwingine, maana mtu akinunua gari jeupe anaona magari meupe tu.

Hatua chache kutoka katikati ya mji wetu kuna makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ndani yake Mahakama ya Jumuiya. Miaka yake ya mwanzo ilikuwa kimya, hakuna aliyeilalamikia. Halafu Novemba 2006, Wakenya wakiongozwa na Profesa Anyang' Nyong'o wakaenda kudai kwamba wabunge tisa wa Kenya wa Bunge la Afrika Mashariki hawakuchaguliwa na bunge lao kama Mkataba unavyotaka, kwamba majina yalipelekwa tu. Mahakama ikazuia wale tisa wasiapishwe.

Ndani ya wiki tatu, Mkataba wa Jumuiya ukawa umerekebishwa. Mahakama ikagawanywa ngazi mbili, sababu za kumwondoa au kumsimamisha jaji zikaongezwa, na raia akawekewa kikomo cha miezi miwili kufungua shauri. Miezi miwili! Kuna watu wanachukua miezi miwili kupata tu nakala ya uamuzi unaowalalamisha. Chama cha wanasheria wa Afrika Mashariki kikashtaki, na mwaka 2008 mahakama ikakubali kwamba wananchi walitakiwa kushirikishwa kwenye mabadiliko yale. Ila ikayaacha yasimame.

Na SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, ambako nako tumo. Baraza lake la kesi pale Windhoek lilitoa uamuzi dhidi ya Zimbabwe mwaka 2008 kwenye kesi ya wakulima walionyang'anywa mashamba. Zimbabwe ikakataa kutii. Wakuu wa nchi walipokutana mwaka 2010 hawakuibana Zimbabwe, walilisimamisha baraza, na mwaka 2012 wakakubaliana kwamba litakalofufuliwa litasikiliza nchi dhidi ya nchi tu, si mtu dhidi ya nchi.

Rwanda ilikuwa ya kwanza kuondoa tamko lake kwenye ile Mahakama ya Afrika, mwaka 2016. Benin na Côte d'Ivoire zikafuata 2020.

Nikampelekea Mwalimu yote haya kwa mkupuo. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu. Nikamwambia, unaona? Tunaambiwa wananchi hawaviamini vyombo kwa sababu vyombo havifanyi kazi. Nionavyo mimi kikilala kinaachwa na bajeti yake na magari yake. Kikifanya kazi siku moja tu, kinakatwa miguu.

Mwalimu akakunja gazeti langu vizuri kuliko alivyolikuta.

"Na wewe je?" akauliza. "Una meza, una mashine, una bei ukutani. Mtu kaja na shida yake, umepokea hela, umempa karatasi, umenyamaza. Umetofautiana nao wapi?"

Nikasema nina mteja, ingawa sikuwa naye.

Faili lenye namba yake

Barua ilikuwa bado kwenye kompyuta. Huwa nasevu kila kitu kwa jina la mteja, na chini ya sahihi yake kulikuwa na namba ya simu. Nililifungua lile faili labda mara sita.

Nilichokuwa natafuta ni njia ya kumpigia nikiwa na kitu mkononi. Nikawauliza mawakili wangu wa kuprinti. Mmoja akasema Mahakama ya Rufani inaweza kuombwa kuipitia upya hukumu yake yenyewe, lakini sababu zinazokubalika ni finyu na siku ni 60, nazo zilishapita zamani. Mwingine, binti mmoja mpole ambaye hudai risiti hata ya shilingi mia mbili, akanikumbusha Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Banjul, Gambia. Tume haidai tamko la nchi. Raia anaweza kuiandikia mwenyewe, hata bila wakili, akionyesha kwamba kwao amefika mwisho. Waogiek wa msitu wa Mau walianzia kule mwaka 2009. Tume ikalipeleka shauri lao mahakamani Arusha, na mwaka 2017 wakaishinda Kenya. Kwa hiyo kaupenyo kapo. Kutoka Babati hadi Arusha ni masaa matatu kwa basi, ila kwa njia hii ya sheria unazunguka kwanza Gambia, nako kunachukua miaka.

Nilichapa maelezo yote kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, nikayaprinti. Nikaweka chini ya kibodi.

Sikupiga. Sijui niseme nini zaidi kuhusu hilo. Nilikuwa na mambo mengi, na aibu nayo ina shughuli zake.

Alirudi

Mwezi wa tisa, wiki ya pili, nikasikia "hodi wenyewe" na sauti nikaijua kabla sijainua uso. Sweta lile lile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unanikumbuka?"

Akatoa bahasha, safari hii mpya, na ndani yake nakala ya barua niliyomchapia. Kona ya juu imegongwa muhuri wa kupokelewa, wino wa zambarau, tarehe imeandikwa kwa mkono na sahihi fupi pembeni. Alikuwa ameiweka katikati ya daftari la shule isikunjike. Alitaka nimfanyie laminesheni. Gerezani hawamruhusu kumpa mdogo wake karatasi hivi hivi, lakini anataka amwonyeshe kwa mbali, na baadaye aitundike nyumbani.

Nikamwambia.

Nilimwambia yote, tangu 2010 hadi 2020, na nikamwambia kwamba nilijua siku ile ile alipokaa kwenye benchi. Nilitoa elfu tatu na mia tano kwenye droo nikaziweka mezani. Aliziangalia kama vile nimeweka kitu cha mtu mwingine.

Hakulia, wala hakunifokea. Alivaa miwani, akaivuta ile barua karibu, akaweka kidole juu ya ule muhuri wa zambarau.

"Kwa hiyo huu waligonga wa nini?"

Nikaanza kueleza kwamba kupokea barua ni jambo moja na kusajili kesi ni jingine, kwamba kila ofisi hugonga, ni kuonyesha tu karatasi imefika. Nikajisikia naongea kama dirisha la ofisi. Nikaacha. Nikachomoa ule ukurasa uliokuwa chini ya kibodi, nikamsomea habari za Banjul.

"Huko ndiko wapi?"

"Gambia, mama. Afrika Magharibi. Barua inakwenda kwa posta au kwa kompyuta."

"Inachukua muda gani?"

"Miaka."

Akahesabu kwa midomo. Mdogo wake ametumikia tisa.

"Itachapwa," akasema. "Leo leo. Na zile hela zako rudisha ndani, utanikata humo. Lakini kwanza nifanyie hii, isije ikalowa."

Nikawasha mashine ya laminesheni. Huwa inachukua dakika kama tano kupata moto, taa nyekundu inawaka mpaka iwe tayari, ndipo inageuka kijani. Nikaiingiza barua katikati ya plastiki, nikailaza sawa ili muhuri usikae ukingoni. Mwalimu aliyekuwa kwenye kona na maji yake alisogea kwenye benchi kumpisha mama nafasi.

Tukakaa watatu, tunaiangalia taa.